Muulize Shangazi: Filamu hii nayo imo?

Mhariri amenikabidhi bahasha ya barua akasema, "Shangazi, safari hii wote wanauliza jambo moja." Nimezisoma na kweli: karibu wote wanataka kujua kama filamu zinazotokana na manga (vitabu vya katuni vya Kijapani) ni kanoni, yaani kama yaliyotokea kwenye filamu yanahesabika kuwa yametokea ndani ya hadithi yenyewe. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi ni yule mama aliyekuwa na duka la kukodisha kanda, baadaye DVD, Barabara ya Nane, Tanga. Duka nilishalifunga. Ubishi wa wateja wangu umehamia hapa.

Shikamoo Shangazi. Mimi na kaka yangu hatusemezani tangu Jumapili. Yeye anasema Shiki, yule Simba wa Dhahabu, ni kanoni kwenye One Piece, ile manga ya maharamia, kwa sababu filamu ya Strong World aliiandika Oda, mtunzi mwenyewe. Mimi nasema filamu ni filamu na manga ni manga. Tumewekeana dau la chipsi mayai na mishikaki. Nani anakula?
*Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Kwanza semezaneni, maana kila mmoja wenu nitampa nusu ya ushindi na itabidi mkae meza moja.

Kaka yako ana ushahidi mzito. Strong World ilitoka Desemba 2009, na hadithi yake kweli aliitunga Eiichiro Oda. Tena aliichorea sura maalumu, Sura ya 0, inayorudi nyuma zaidi ya miaka ishirini, enzi za Roger, Mfalme wa Maharamia: Shiki anavamia Marineford, makao ya wanamaji, anafungwa gereza la Impel Down, anatoroka. Sura hiyo iliwekwa kwenye kijitabu walichopewa watazamaji mlangoni mwa sinema huko Japani, nakala milioni 1.5. Mtunzi asiyejali filamu hajisumbui hivyo.

Lakini jina la mtunzi kwenye bango halinitoshi. Mimi nina swali moja tu: je, manga inakumbuka? Ukifungua sura zilizokuja baadaye, kuna mtu anayesema au kutenda kama vile jambo lile lilitokea? Kwa Shiki jibu ni ndiyo. Luffy, shujaa wa hadithi, alipoingia Impel Down, Shiki alitajwa kuwa aliwahi kutoroka gereza lile. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, katika sura ya 957, Sengoku, mkuu wa zamani wa wanamaji, anasimulia habari za kundi la maharamia la Rocks, na Shiki yumo kwenye orodha pamoja na Whitebeard, Big Mom na Kaido. Hapo hakuna mjadala tena. Shiki ni mtu wa One Piece kama Buggy alivyo mtu wa One Piece.

Sasa zamu yako. Vile vita vyenyewe vya kwenye filamu, visiwa vinavyoelea angani, Nami kutekwa, Luffy na wenzake kuvaa suti nyeusi na kuivamia ngome, manga haijavigusa. Hebu jaribu kuvitafutia tarehe. Brook yumo, naye alijiunga na wenzake Thriller Bark, kwa hiyo lazima iwe baada ya hapo. Wote wako pamoja na hawajapitia mafunzo ya miaka miwili, kwa hiyo lazima iwe kabla hawajatawanywa Sabaody. Nafasi iliyobaki hapo ni finyu kweli. Na baada yake hakuna hata mmoja aliyewahi kusema "kama siku ile tulipopigana na Shiki". Luffy kusahau si ajabu, yule husahau hata majina ya aliowapiga jana. Lakini Nami aliyetekwa? Robin, ambaye kazi yake ni kuchimba historia?

Kwa hiyo mtu ameingia, kisa chake kimebaki nje. Kaka ale chipsi mayai, wewe ule mishikaki, soda mnunue kwa hela zenu.

Na msidhani One Piece ni peke yake. Inspekta Shiratori wa Detective Conan alianzia kwenye filamu ya kwanza, mwaka 1997, kisha mtunzi Gosho Aoyama akamchukua akamwingiza kwenye manga. Leo anapeleleza kesi na wenzake, na wasomaji wengi hawajui kwamba alizaliwa sinemani.

Asalaam aleikum Shangazi. Mimi nampenda Uta, yule binti wa Shanks kwenye filamu ya One Piece, kupita kiasi. Nyimbo zote alizomwimbia Ado kwenye Film Red nazijua, na Kijapani sikijui hata neno. Wenzangu wananikera wakisema Uta ni wa kubuniwa. Niambie ukweli.
*Binti wa Mvita, Mombasa*

Waaleikum salaam, binti. Ukweli ni kwamba wote ni wa kubuniwa, Luffy mwenyewe na kofia yake. Waambie hivyo kwanza uone watasema nini.

Tukirudi kwenye kipimo changu, Uta ni mgumu kuliko Shiki. Wenzako wakifungua sura ya kwanza kabisa, ya mwaka 1997, watakuonyesha nahodha Shanks na mabaharia wake kwenye baa ya Makino, Luffy mdogo anawasumbua, na hakuna binti wa Shanks popote. Ushahidi huo una nguvu. Kwenye anime, yaani katuni ya runinga, walijitahidi kuliziba pengo: Agosti 2022, wiki filamu ilipokuwa inatoka, vipindi vya 1029 na 1030 vilionyesha utoto wa Uta na Luffy kijijini Foosha. Lakini hiyo ni anime inakumbuka. Mimi nauliza manga.

Upande wako nao una jambo zito, na wabishi wengi huliruka. Ndani ya Film Red, wale Wazee Watano wa Serikali ya Dunia wanalitaja jina la ukoo wa Figarland wanapozungumza habari za Shanks na binti yake. Wakati ule jina hilo halikuwa na maana kwa msomaji wa manga. Mwaka 2023, sura ya 1086, akatokea Figarland Garling, kamanda wa Mashujaa Watakatifu, na hadithi ya Shanks ikafunguka kutokea hapo. Kama hujafika huko sisemi zaidi, nisikuharibie uhondo. Yaani safari hii filamu ndiyo iliyotangulia, manga ikafuata nyuma.

Hukumu yangu, basi: lile jina la Figarland ni kanoni bila shaka. Tamasha zima la Elegia, lile la Uta kwenye filamu, naliacha kwenye kiporo. Uta mwenyewe endelea kumpenda, hakuna anayehitaji cheti cha Oda ili kupenda wimbo. Filamu ilipata zaidi ya yeni bilioni 19 Japani peke yake, kwa hiyo wapenzi wake ni wengi kuliko hao wanaokukera.

Dada, nakuita dada kwa kuwa nahisi tunaelekea kuwa rika moja. Nilikua na Dragon Ball Z ya kanda. Sasa nawaonyesha wanangu wawili tangu mwanzo, na nimeamua kuzipachika filamu mahali pake katikati ya vipindi ili wapate hadithi kamili. Nimefika The Tree of Might nimekwama. Inaingia wapi?
*Baba wa Wawili, Nairobi*

Kaka yangu, umekwama kwa sababu mahali pake hapapo. Niruhusu nikuonyeshe, maana hii ndiyo filamu ninayoitumia kila mara mtu akibisha.

Goku, shujaa wa hadithi, anatumia Kaioken, mbinu ya kuzidisha nguvu, kwenye filamu ile. Kaioken alifundishwa na Kaio wa Kaskazini, tena akiwa marehemu, baada ya kupigana na Raditz. Kwa hiyo filamu lazima iwe baada ya yeye kufufuliwa. Haya, amefufuliwa. Anakimbilia uwanjani kupambana na Nappa na Vegeta, na anapofika wenzake Yamcha, Tenshinhan, Chaozu na Piccolo wameshakufa. Hakuwahi kupata hata saa moja ya kukaa nao akiwa na Kaioken yake. Baada ya pambano yeye ni wa hospitali, mifupa imevunjika, na Gohan, Kuririn na Bulma wako njiani kwenda Namek kutafuta jinsi ya kuwarudisha marehemu. Lakini kwenye filamu ya Julai 1990 wote wazima, wako Duniani, wanapigana na adui Turles! Utasema labda ni baadaye sana, wote walipokwisha kufufuliwa. Wakati huo Goku ni Super Saiyan, nguvu zake zimepanda mno. Turles asingemtoa jasho.

Hakuna aliyekosea hesabu pale Toei, studio ya filamu hizi. Walikuwa na desturi ya kukusanya filamu za watoto na kuzitoa wakati wa likizo za shule, Machi na Julai, na Dragon Ball Z ilitoa karibu mbili kila mwaka, nyingi hazifiki hata saa moja. Toriyama, mtunzi wa Dragon Ball, naye alikuwa anachora sura mpya kila wiki, na mwenyewe alishasema mara nyingi kwamba alikuwa akienda bila kujua kesho itatokea nini. Studio inayoandaa filamu miezi mingi kabla ingejuaje nani atakuwa hai Julai ikifika? Ndiyo maana filamu zile zinafanana: anatokea adui mpya, kila mtu mpendwa anaitwa, adui anapigwa, wote wanarudi walipokuwa. Hakuna anayekufa moja kwa moja, hakuna anayebadilika, kwa sababu hakuna ruhusa ya kugusa kitu ambacho mtunzi atakihitaji wiki ijayo.

Dukani nilizitenga. Rafu ya juu vipindi kwa mpangilio, rafu ya chini filamu, na kikaratasi cha wino mwekundu: HAZINA NAMBA. Kulikuwa na kijana mmoja hata hivyo alikuwa akizirudisha akidai nimempa kanda iliyorukwa katikati, na anataka hela yake.

Onyo dogo. Ukifika kwa Garlic Junior kwenye vipindi, wanao watauliza kwa nini watu wanamjua. Ni kwamba alitoka kwenye filamu ya Julai 1989, na anime ikamrudisha wakati inasubiri manga isogee mbele. Anime ina kumbukumbu zake, manga ina zake. Kwenye juzuu zote 42 za Toriyama Garlic Junior hayumo.

Hizi za karibuni sasa ni jambo jingine kabisa. Mwaka 2009 Marekani walitoa Dragonball Evolution, ile ya watu halisi. Walioiona wanajua, wasioiona Mungu amewapenda. Toriyama hakuficha kwamba hakuridhika nayo, na tangu hapo akaanza kuingiza mkono wake. Battle of Gods ya 2013 alishiriki kuitunga, filamu ya kwanza ya Dragon Ball sinemani baada ya miaka 17. Resurrection F ya 2015 aliiandika mwenyewe. Mwaka huohuo ukaanza mfululizo wa Dragon Ball Super, uliozisimulia upya filamu zote mbili, na manga yake iliyochorwa na Toyotaro kwenye jarida la V Jump. Battle of Gods, ile ya Beerus, manga hiyo iliisimulia. Resurrection F, ya kufufuka kwa adui Freeza, iliipita kwa maneno machache, kama jambo ambalo msomaji ameshalijua. Kwangu mimi huko ni kukumbuka.

Kisha Broly. Broly wa 1993 ni wa rafu ya chini. Toriyama alimchora sura, lakini hadithi ya filamu haikuwa yake. Desemba 2018 akamrudisha kwa maandishi yake mwenyewe, akampa utoto mpya, baba anayeeleweka, na tabia ya mtu badala ya kelele tupu. Huyo ndiye anayehesabika. Kwenye sura za baadaye za Toyotaro yuko kwenye sayari ya Beerus anafanya mazoezi na Goku na Vegeta. Ukiwaonyesha wanao filamu zote mbili kwa kufuatana watakuuliza Broly ni wangapi. Waambie wawili, na wa pili ndiye mwenye kitambulisho.

Kuna kimoja ninachokipenda kuliko vyote hapa, ingawa si filamu ya sinemani: kile kipindi maalumu cha runinga cha Oktoba 1990 kuhusu Bardock, baba yake Goku. Toriyama alikipenda hata akamchora Bardock kwenye manga yake, akisimama mbele ya Freeza siku sayari inalipuka. Kwa kipimo changu, ameingia. Halafu mwaka 2014 Toriyama huyohuyo akachora kisa kifupi, Dragon Ball Minus, na kubadilisha karibu kila kitu. Bardock wa 1990 ni askari katili asiyemjali mwanawe. Bardock wa 2014 anamficha mwanawe ndani ya chombo ili amwokoe, mama yake yuko pembeni analia. Filamu ya Broly ikafuata toleo hilo. Mimi nampenda yule wa kwanza. Anakufa akiwa ameshachelewa kuelewa, na hilo lina uchungu ambao yule baba mwema hana. Lakini nikiulizwa lipi limo, nasema la 2014, nikiwa nimenuna.

Ushauri wa mama: manga yote, au vipindi vyote, kisha Battle of Gods, Super, Broly, na Super Hero ya 2022. Zile za zamani ziwe za Jumamosi mvua ikinyesha, bila namba. Watoto wako hawataona tatizo. Tatizo ni lako wewe mwenye orodha.

Shangazi, nimeona Mugen Train ya Demon Slayer kwenye kibanda umiza. Nikirudi kwenye vipindi nianzie wapi, na nikisoma manga je?
*Fundi Simu, Temeke*

Hiyo haina ubishi, na ndiyo maana jibu lako fupi. Mugen Train haikutungwa pembeni. Ni manga yenyewe ya Koyoharu Gotouge, juzuu ya 7 na ya 8, mchele uleule umepikwa kwenye sufuria kubwa. Ufotable, studio iliyoitengeneza filamu, waliongeza vitu vidogo, kama Mkuu wa kikosi kutembelea makaburi mwanzoni, lakini treni ni ileile na Rengoku ni yuleyule. Bwana yule. Tusiongee sana.

Kwa kuwa umeiona filamu, unaweza kuruka vile vipindi vya treni vya runinga vya 2021, ambavyo ni filamu hiyohiyo iliyokatwakatwa. Ila tazama kile cha kwanza, kinachomfuata Rengoku kabla hajapanda. Hicho kilitengenezwa upya. Jujutsu Kaisen 0 nayo iko kundi hili: ni kisa ambacho Gege Akutami alikichora mwaka 2017, kabla manga kubwa haijaanza. Anayekwambia uiruke kwa sababu "ni filamu tu" hajui Yuta, shujaa wa kisa hicho, ni nani, na atalipia ujinga huo mbele ya safari.

Shangazi yetu, sisi huku Maskati tuna kundi la kutazama pamoja kila Ijumaa. Nusu wanasema The Last ya Naruto ni lazima, nusu wanasema ni mapenzi matupu. Na Boruto je, filamu, manga au vipindi?
*Mpemba wa Ughaibuni, Oman*

Ni mapenzi matupu na ni lazima. Hayo mawili hayapingani.

Masashi Kishimoto alimaliza Naruto Novemba 2014. Sura ya 699 na ya 700 zilitoka siku moja, na katikati yake kuna pengo la miaka: huku vita vimeisha na Naruto ni kijana, kule ni Hokage, kiongozi wa kijiji, ana watoto wawili na mkewe ni Hinata. Wamefikaje huko? Manga haisemi. Filamu ikatoka Desemba hiyohiyo, hadithi imesimamiwa na Kishimoto, na kazi yake ni kujaza pengo lile. Ile skafu nyekundu, mwezi unaotaka kuanguka, na kijana aliyechukua miaka kumi na tano ya hadithi kutambua kwamba anapendwa. Manga inakumbuka matokeo, ingawa haiyataji matukio. Anime ya Boruto yenyewe ilimrudisha Toneri, adui wa filamu hiyo, mapema kabisa. Kwa hiyo itazameni. Zile za mwanzo, kuanzia ile ya 2004 ya nchi ya theluji, ni za rafu ya chini. Adui anatokea, adui anapigwa, mnajua.

Boruto, hadithi ya mwana wa Naruto, ndiyo yenye mkanganyiko. Kisa kimoja kimesimuliwa mara tatu: filamu ya Agosti 2015 iliyoandikwa na Kishimoto, manga iliyoanza 2016, na vipindi. Mtihani wa Chunin, kifaa cha kudanganyia, adui Momoshiki, yote yamo kila mahali. Lakini manga iliongeza kitu: ile alama inayobaki kwenye kiganja cha Boruto baada ya Momoshiki kushindwa. Hadithi yote inayofuata imejengwa juu ya alama ile, na kwenye filamu haimo. Kwa hiyo mkishatazama filamu, msiruke sura za mwanzo za manga mkidhani mnazijua.

Hapo utaona kwamba filamu inaweza kuwa kanoni kwa muda. Ilikuwa yenyewe peke yake, ikahesabika, kisha ikaandikwa upya ikabaki kama rasimu nzuri. Hakuna ofisi inayotoa tangazo. Msomaji anajua tu siku anapoona kiganja.

One Piece ya watu halisi ya Netflix je?
*Bila jina, Arusha*

Ilipigwa Cape Town, ilitoka Agosti 2023, Oda aliisimamia, na nimeifurahia kuliko nilivyotarajia. Lakini Garp, babu yake Luffy, anamfukuza tangu mwanzo, na haramia Arlong anaingia mpaka mkahawa wa Baratie kufanya fujo. Kwenye manga hakuna hata moja la hayo. Ni kisa kilekile kinasimuliwa na mtu mwingine. Kitazame, usikitumie kubishania.

Bi Shangazi, nakusoma kila toleo na leo napinga. Kipimo chako cha "manga inakumbuka" kinaifanya karatasi kuwa bwana na filamu kuwa mtumwa. Je, mtunzi akitengeneza filamu kwa mikono yake mwenyewe? Utamwambia filamu yake haihesabiki?
*Mwalimu wa Sanaa, Dodoma*

Mwalimu, hapa umenikamata pazuri, na nafurahi kwamba barua yako imekuwa ya mwisho kwenye bahasha.

Kipimo changu ni cha hadithi zinazoendelea kila wiki, zenye kiwanda kizima nyuma yake: jarida, studio, wauza midoli. Huko lazima mtu aulize kilichomo na kisichomo, la sivyo anazama. Kwa watu unaowafikiria wewe hakifanyi kazi, wala sikitumii.

Chukua Akira. Katsuhiro Otomo aliianza kwenye Young Magazine mwaka 1982. Filamu aliiongoza mwenyewe, ikatoka 1988, na manga ilikuwa bado haijaisha, iliisha 1990. Kwenye filamu, Akira mwenyewe ambaye kila mtu anamtafuta amebaki vipande kwenye chupa za maabara. Kwenye manga ni mtoto mzima, anafunguliwa, anatembea, na nusu ya juzuu sita zinamzunguka yeye. Ukiniuliza Akira wa kweli ni yupi, nitakuuliza Otomo wa kweli ni yupi.

Na Hayao Miyazaki ndiye mfano mkubwa zaidi. Nausicaä aliianza kama manga kwenye jarida la Animage mwaka 1982. Filamu ikatoka Machi 1984, na ilitumia takriban juzuu mbili za mwanzo kwa sababu nyingine zilikuwa hazijachorwa. Kisha akarudi mezani. Akawa anachora, anaacha kwenda kutengeneza filamu nyingine, anarudi, mpaka 1994. Miaka kumi baada ya filamu bado alikuwa hajamaliza kubishana na alichokisema sinemani! Filamu inakupa msitu wenye sumu unaosafisha dunia, na binti anayeleta amani, na muziki unapanda. Manga inauchukua msitu uleule na kuuliza ni nani aliupanda, kwa faida ya nani, na je, binti yule angefanya nini akijua. Sitasema anachofanya kwenye juzuu ya saba. Nitasema tu kwamba Nausicaä wa filamu asingeweza kukifanya, na mtu yuleyule ndiye aliyewachora wote wawili.

Kwa hiyo simwambii Miyazaki kwamba filamu yake haihesabiki, mwalimu. Lakini nawe usiwaambie wanafunzi wako kwamba wameimaliza Nausicaä kwa sababu wameitazama. Waonyeshe filamu kwanza. Wiki inayofuata wape juzuu ya kwanza, wasome tangu mwanzo hata kama wataona wanarudia, kwa sababu Kushana, yule binti mfalme anayeongoza jeshi, kwenye manga ni mtu tofauti tangu anapoingia, na asiyemwona akiingia hatamwelewa akifika juzuu ya tano. Kama maktaba ya shule haina, niandikie kupitia mhariri. Seti yangu ni ya Kiingereza, jalada la juzuu ya tatu limechanika, na ninaazimisha kwa sharti kwamba anayeiazima ananiandikia barua.